Kuni za Mgonjwa

Nyumbani kwetu nilipewa sifa moja tu tangu utotoni, nayo si ya kujivunia: huyu mtoto anauliza mno. Mgeni akiingia, kabla hajamaliza kutafuna ile kahawa kavu tunayomkaribishia mgeni huku kwetu, mimi nimeshajua anatoka wapi, amemfuata nani na viatu vyake alinunua gulio gani. Mama alikuwa ananifinya chinichini. Baba, aliyehamishiwa Kyerwa kikazi kutoka Muleba tukiwa wadogo, alikuwa anacheka na kusema huyu tutamwozesha kwa polisi. Hawakuniozesha kwa polisi. Niliishia kufungua stesheneri hapa Rubwera, karibu na ofisi za wilaya, ambako watu huja kutoa fotokopi na kupiga picha za pasipoti, na mimi husoma kila karatasi inayopita kwenye mashine yangu. Najua si adabu, lakini macho hayana pazia.

Basi nilipokuja kugundua kwamba liko swali moja linalonishinda kuuliza, tena kwa mtu ninayemfahamu kuliko watu wote, nilijishangaa mwenyewe.

Mtu huyo ni rafiki yangu, mwendesha bodaboda. Tulikaa dawati moja sekondari, tukafeli hesabu pamoja, na hadi leo kila mmoja anamlaumu mwenzake kwa kumpa majibu mabovu. Watu wa hapa hawaamini kwamba mwanamke na mwanaume wanaweza kuwa marafiki tu, kwa hiyo wateja wangu walimwita shemeji. Yeye alikuwa anawajibu, "Huyu? Huyu atamhoji padri mbele ya altare." Kila asubuhi alikuja na abiria wa kwanza kutoka kwao Bugomora, anapita dukani, anachomeka simu kwenye umeme wangu bila kuomba, anachukua gazeti la juzi na kutusomea kwa sauti ya mtangazaji habari ambazo hazimo. Mara waziri kaoa Bugomora, mara ndizi zimegoma kuiva. Wapo wateja waliokuwa wanasubiri afike ndipo watoe karatasi zao.

Alipungua taratibu, ndiyo maana hatukuona. Kwanza aliacha kusoma gazeti. Halafu akawa anapita bila kusimama, anapiga honi tu. Halafu hata honi sikuisikia tena. Nikimtumia meseji, jibu ni "poa". Umeamkaje? Poa. Mama hajambo? Poa. Nikamchokoza: nasikia umefukuzwa Bugomora kwa kuiba senene wa watu. Poa. Hapo sikupata hofu, nilipata hasira. Niliona ameanza kuringa, nikasema moyoni, nenda zako baba, pikipiki ziko nyingi.

Kilichonishtua ni koti. Jirani yangu pale dukani ni kinyozi, naye ni wa kundi letu la tangu shule, pamoja na binti mmoja ambaye sasa ni fundi cherehani. Asubuhi moja kinyozi alikuja kufungua saluni yake amevaa koti zito la rafiki yetu, helmeti yake kaishika mkononi.

"Amekuuzia?" nikamuuliza.

"Kanipa, kabla mvua hazijaanza."

"Bure? Na yeye atavaa nini barabarani na baridi hii?"

"Kasema havihitaji tena. Hata pikipiki kamrudishia tajiri wake."

"Na wewe hukumuuliza kwa nini?"

"Mtu akikupa koti unamuuliza kwa nini?"

Mimi ningemuuliza. Mchana uleule nilifunga duka, nikapanda boda ya mtu mwingine hadi Bugomora.

Mama yake namwita mama, kwa sababu ugali na ndizi alizonilisha ni nyingi. Ni mjane, na huyo ndiye mtoto wake pekee. Nilimkuta kibanjani, katikati ya migomba yake, anakata majani makavu. Nikamwamkia. Akaitika huku akiangalia nyuma yangu aone kama nimekuja na mtu.

"Mwenzako amesafiri," akasema. "Yuko Mwanza, anatafuta kazi."

"Tangu lini, mama?"

"Ana siku."

"Amefikia kwa nani?"

"Kwa watu."

"Na viatu vyake vile pale mlangoni?"

Maskini mama wa watu. Hakuzoea kusema uongo, na mimi sikuzoea kuuacha upite. Alikaa palepale juu ya majani, akajifunika mdomo kwa ncha ya kitenge. Akaniambia kijana hajatoka ndani tangu mvua zilipoanza. Chakula anaonja na kuacha, usiku hasinzii, haongei. Malaria kapimwa, hana. Majirani wote amewaambia yuko Mwanza.

"Nitawaambia nini? Watasema karogwa. Wengine watasema ni ya ukoo, na nyumba yenye ugonjwa wa kichwa nani atailetea binti yake? Usiniumbue, mwanangu."

Mficha maradhi kilio humfichua. Methali hiyo alinifundisha mama huyuhuyu, zamani, siku nilipoficha jipu. Sikumkumbusha. Niliingia ndani. Rafiki yangu alikuwa amelala mchana kweupe, amegeukia ukuta. Nikamwambia nimekuja. Akasema, "Poa." Nilikaa pembeni ya kitanda na maswali yangu yote, nikakosa hata moja la kuanza nalo. Lipo moja lililokuja, nikalifukuza haraka. Kusema kweli niliogopa. Niliogopa kwamba nikiuliza atanijibu.

Ninapomwogopa mtu mmoja, nawauliza wengine. Nilianza na muuza duka la dawa. Nikamwambia nina rafiki ambaye hali chakula, halali usingizi, haongei.

"Ana homa?"

"Hana."

"Anaharisha?"

"Haharishi."

"Sasa dada, unataka nitibu nini?" Akaniuzia vitamini.

Nikaenda kwa mwinjilisti wa kanisa letu la Kilutheri, mzee mpole. Alisali na mimi sala nzuri, kisha akasema, "Mpelekeni na hospitali. Mungu haoni wivu." Nikauliza hospitali gani, baba? Hapo akakuna kichwa. Ya malaria aliijua, ya kujifungua aliijua, hiyo nyingine akasema ataulizia.

Nikaingia mtandaoni. Bando langu liliishia kwa dada mmoja wa mjini aliyekuwa anashauri kwamba ukijisikia mzito moyoni, vaa nguo ya rangi ya kung'aa, nenda ufukweni ukatazame mawimbi. Ufukwe wa Bugomora ni upi, jamani? Mto Kagera na viboko wake? Nilicheka peke yangu dukani. Nilipojigusa shavu nikakuta nalia.

Jibu lilikuja kwenye mashine yangu mwenyewe. Mhudumu wa afya wa vijijini alileta tangazo nimtolee nakala za kubandika. Nikalisoma, kama ilivyo tabia yangu. Lilisema hospitali moja upande wa Karagwe ina kliniki ya afya ya akili, na kwamba vijana wanakaribishwa wao pamoja na ndugu na marafiki zao. Nikarudia: na marafiki zao. Sikuwahi kuona tangazo la hospitali linalomwita rafiki. Nakala moja niliibandika mlangoni kwangu bila kuomba ruhusa, na kulipokucha nilikuwa kwenye haisi ya Karagwe.

Pale kwenye benchi la kliniki nilitegemea kuona, nisamehewe, watu wanaoongea peke yao. Nilimkuta mwalimu anasahihisha madaftari, mama kabeba mtoto mgongoni, na kijana wa chuo anacheza gemu kwenye simu. Nikaanza kuwachunguza mmojammoja nijue nani mgonjwa na nani kasindikiza. Nilishindwa. Baadaye niligundua kwamba na wao walikuwa wananichunguza mimi, na yule mama alishaamua, maana alinisogezea nafasi kwa huruma nyingi.

Muuguzi alikuwa mama wa makamo, miwani yake ameifunga kamba shingoni, sauti yake si ya kubembeleza.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Hayupo, sista. Yuko Bugomora."

"Sasa nimtibu kwa upepo?"

"Nimekuja kuuliza."

Akaweka kalamu chini. "Haya. Uliza."

Jamani! Maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Nikamimina. Ni uchawi? Ni mapenzi? Ni bangi? Mtu anachekesha wilaya nzima, kisha anageukia ukuta, kimemwingia nini? Alinisikiliza bila kunikatiza, ila nilipofika kwenye koti alinirudisha nyuma. Alimpa nani? Alisema havihitaji tena, kwa maneno hayohayo? Hapo nikaona hacheki tena.

"Umemuuliza kama anafikiria kufa?"

Nusura niruke kwenye kiti. "Sista! Si nitakuwa nimemfundisha?"

"Humfundishi. Kama lipo, lipo, na analibeba peke yake. Muulize kwa neno lenyewe, usizungukezunguke. Usimgombeze, usimhubirie. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, vitu vya hatari vitolewe karibu naye, na mumlete hapa."

"Na sababu?"

"Tutaitafuta wote. Huenda isiwe moja. Mengine ni maradhi tu, yana tiba."

"Na nikishindwa kumuuliza?"

"Wewe?" Akacheka kwa mara ya kwanza. "Umenihoji tangu umekanyaga hapa." Kisha akavua miwani. "Na wewe mwenyewe unalala?"

Nikasema nalala. Akaendelea kuniangalia tu, hana haraka. Nikaanza kulia, kilio cha kamasi, mbele ya mtu nisiyemjua. Alinipa muda wangu. Akaniambia rafiki wa mgonjwa naye huumwa, na kwamba lile tangazo halikukosewa. Akanipa namba yake ya simu. Nilipofika mlangoni akaniita: "Waambie na wenzako. Mtembeleeni kama mgonjwa yeyote. Angevunjika mguu mngekaa kwenu?"

Ni hilo la mwisho lililotuponza.

Huku kwetu mgonjwa hatembelewi mikono mitupu. Nilipowakusanya kinyozi na fundi cherehani na kuwaeleza, kila mmoja akasema ataleta nini. Fundi alisema maharage. Mimi nikasema mkungu wa ndizi. Kinyozi, ambaye tangu asikie maana ya koti lile alikuwa amelivua na kulikunja, alisema, "Mama yule kuni anapata wapi na mvua hii, na mpasuaji wake yuko kitandani? Mimi naleta kuni." Tukamsifu kwa wazo zuri. Kila mtu aliwaza mzigo wake, hakuna aliyeiwaza mizigo yote pamoja.

Wewe wa Kagera umeshatucheka. Kwa asiye wa huku nieleze: mkungu wa ndizi ni salamu, na maharage ni wema tu. Lakini ndizi, maharage na mzigo wa kuni vikiongozana kuingia ua mmoja, huo ni msiba. Ndivyo majirani wanavyokwenda kuwapikia waombolezaji.

Na tuliingia tumeongozana, kimya, kwa kuwa mimi nilikuwa nimewaonya wasipayuke. Manyunyu yalikuwa yanaanguka, kwa hiyo mimi na fundi tulikuwa tumejitanda vitenge hadi kichwani. Mama alipotuona na mizigo ile, yeye ambaye tangu mvua zianze hakuna aliyemgongea hodi kumpa pole, alishindwa kujizuia. Alilia kwa sauti kubwa. Alikuwa anashukuru, lakini ukisikiliza kutoka ng'ambo ya barabara, kilio ni kilio.

Ng'ambo ya barabara bibi mmoja jirani alikuwa analima. Akaona vijana wamejitanda, akaona ndizi, maharage na kuni, akasikia mama analia, na anajua mtoto wa pekee yuko Mwanza. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Aliweka jembe chini, akapiga yowe, na yowe la Bugomora halihitaji bando.

Sisi ndani hatukujua lolote. Nilikuwa nimekaa tena pembeni ya kitanda, kinyozi kasimama mlangoni, nalitafuta neno la muuguzi. Nililifikisha hadi kooni, likarudi tumboni. Nikamuuliza kama amekula. Poa. Nikamwambia mvua ni nyingi mwaka huu. Poa. Ndipo kengele ya kanisa la kigango chao ikaanza kulia polepole, ile ya kufiwa.

Rafiki yangu aligeuza kichwa. "Nani amekufa?"

"Sijui," nikasema, na kweli sikujua.

Nje zikaanza kusikika sauti, ya mmoja, za wawili, kisha za wengi. Huku kwetu mtu akifa hakuna anayelima. Kuendelea na jembe wakati maiti haijazikwa ni kumwambia marehemu kwamba hakuwa kitu, na hakuna anayethubutu. Kwa hiyo kilima chote kilikuwa kimeshuka na udongo miguuni. Wanawake walikuwa wanalia kwa kuita, kwa Kinyambo na Kiswahili pamoja: mwanetu, mcheshi wetu, umekwenda mbali ukafie kwa watu! Mama anapaza sauti, "Siyo, siyo jamani," na wao wanamshika mabega: tunajua mama, ni kazi ya Mungu, kubali.

Kinyozi alinitazama, nikamtazama, na wote wawili tukaziona zile kuni akilini kwa pamoja. Rafiki yangu alikuwa amekaa kitandani anasikiliza. Akajifunga blanketi, akasimama, akapita katikati yetu, akatoka nje.

Aliyekuwa karibu na mlango ni yule bibi jirani, mikono kichwani, kilio kimemkolea. Alimwona, na kilio kikakatika.

"Shikamoo, bibi," rafiki yangu akasema. Kalelewa vizuri, hata akiwa marehemu atasalimia.

"Marahaba," bibi akaitika kwa mazoea, halafu ndipo akatambua anamwitikia nani. "Yesu na Maria!" Akakaa chini kwa kishindo. Watoto walitimua mbio hadi barabarani, na mwanaume mmoja mzima, simtaji, alitimua nao.

"Nani amekufa?" rafiki yangu akauliza tena.

Bibi ndiye aliyejibu, kutoka chini. "Wewe. Tumeambiwa ni wewe."

"Bado," akasema.

Ua mzima ulilipuka kwa kicheko. Walipiga makofi, wakashikana mikono, huyu bwana, hata msiba wake anautania! Kinyozi alicheka hadi akaegemea ukuta. Mimi nilikuwa namtazama usoni. Hakuwa anatania.

Alizunguka nyuma ya nyumba, nikamfuata. Nilimkuta amesimama kwenye migomba, blanketi limelowa mabegani. Safari hii sikulitafuta neno, lilitoka.

"Umesema bado. Unafikiria kufa?"

Maji yalikuwa yanadondoka kwenye majani.

"Kila siku," akasema.

"Unataka kujiua?"

"Nimefikiria. Ndiyo."

Nilidhani nikisikia hivyo nitapiga kelele, au nitamgombeza: una wazimu, una mama! Maneno hayo yote yalinijia mdomoni, nikayameza. Ajabu ni kwamba nilitaka kujua zaidi. Nikamuuliza tangu lini. Akasema hajui, lakini ni kabla ya koti. Nikamuuliza inakuwaje. Akasema anaamka amechoka, chakula hakina ladha, na akitaka kuchekesha watu anajisikiliza mwenyewe na kuona ni mtu mwingine anayeongea. Nikamuuliza mbona hakumwambia mtu.

"Nimwambie nani? Kila anayeniona anasubiri nimchekeshe. Na hakuna aliyeuliza." Akanitazama, na ilikuwa zamani hajanitazama hivyo. "Hata wewe, na mdomo wako wote huo."

"Si nimeuliza sasa."

"Umechelewa. Waombolezaji wamekutangulia."

Tulicheka, kisha yeye akaanza kulia, nami nikamfuata, tukalia bila staha tumeshikilia mgomba mmoja, na mgomba wenyewe ukatumwagia maji ya mvua shingoni. Nilimwambia yupo mtu nataka akamwone, ni mkali kidogo, ana miwani ya kamba.

"Atanifanya nini?"

"Sijui yote. Tutamuuliza. Twende pamoja."

Akatikisa kichwa, ndiyo. Nikampigia simu muuguzi palepale. Alisema kesho asubuhi tuwe kwake, na hadi hapo asikae peke yake hata kidogo. Kinyozi akasema yeye atalala chumba kimoja naye. Mama na fundi wakapita kila pembe ya nyumba wakaondoa walichoona hakifai.

Uani mambo yalikuwa yamechemka. Bibi alikuwa ameshajua habari ya Mwanza ilikuwa ya kutunga, na hasira zilimjia. "Umetudanganya! Mimi jirani yako! Nimeacha shamba, nimelia machozi yangu halali!" Mama alikuwa ameinamisha uso. Rafiki yangu akasogea akasimama karibu na mama yake.

"Naumwa, bibi," akasema. "Naumwa kichwani, na moyo. Ni mimi niliyemwambia asiseme. Kesho naenda hospitali."

Haikuwa kweli kwamba yeye ndiye aliyemwambia, lakini mama alimshika mkono hakuuachia. Mzee mmoja alianza kusema anamjua mtaalamu fulani upande wa mtoni anayeng'oa mambo ya namna hiyo, na bibi akamkata: "Wewe nyamaza, mtoto kasema hospitali." Kisha akamgeukia mama. "Mficha maradhi kilio humfichua. Lakini wako kimemfichua akiwa anapumua, mshukuru Mungu. Haya, nani anawasha moto? Mimi maharage yangu sirudi nayo."

Maana walikuwa wamekuja na vyao, kila mtu na alichokuwa nacho. Tulipika vyote. Kuni za kinyozi, zilizoleta balaa lote lile, ndizo zilizowaka vizuri kuliko zote. Sitaki kudanganya kwamba wote walielewa. Wapo walioondoka bila kula, wakisema kumlilia mtu aliye hai ni mkosi. Wapo walionong'ona. Lakini wengi walikaa, na mmoja baada ya mwingine walikuwa wanapita pale alipokaa na blanketi lake, wanampa pole, pole ya mgonjwa, ile ambayo angepewa angevunjika mguu. Alikula ndizi nusu sahani. Mama alikuwa analihesabu kila tonge kwa macho.

Wanaopenda habari ziishe vizuri huniuliza, je, alipona? Anaendelea na kliniki. Anatumia dawa, anaongea na watu wanaojua kusikiliza, na kuna kipindi aliziacha dawa tukarudi nyuma, tukaanza upya. Anaendesha pikipiki tena, si kila siku. Gazeti siku nyingine analisoma, siku nyingine analiweka chini na mimi simlazimishi. Huwa namuuliza kwa neno lenyewe, na yeye hunijibu: leo hapana, au, leo limenipitia. Likimpitia tunakaa. Mimi nami nina siku yangu ya kwenda kwa sista wa miwani, kwa ajili yangu, na sioni aibu kuisema. Sababu bado sijaijua. Nimeitafuta kila mahali na tabia yangu yote hii, sijaipata, na nimejifunza kuishi nikiitafuta. Tangazo lipo mlangoni kwangu bado, limepauka kwa jua. Mara mojamoja anaingia kijana kutoa fotokopi ambaye mkononi hana karatasi. Namvutia kiti, na ninauliza.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni asubuhi ile ya kwenda Karagwe. Tulipanda mshikaki, pikipiki ya kuazima, hadi Rubwera, kinyozi anaendesha, rafiki yangu katikati, mimi nyuma nimemshika. Kabla hatujaondoka kinyozi alimtupia koti lake. "Vaa. Linanibana kwapani." Halikuwa linambana hata kidogo, ni mwembamba kuliko wote. Akalivaa.

Mvua ilikuwa imekatika. Kilima chote kilikuwa kimerudi shambani, pande zote mbili za barabara, migongo imeinama, majembe yanapanda na kushuka. Yule bibi alituona, akatupungia mkono mmoja, akashika jembe lake, akaendelea. Nilimsikia rafiki yangu anageuza shingo huku na huku, anaangalia.

"Wanalima," akasema.

"Naona."

Tulipita shamba lile, na lililofuata, na lililofuata.

"Basi sijafa," akasema.